Mbuzi Wamenyweshwa Dawa, Mbona Bado Wanakufa?

Ukurasa wa Afya
Na Mganga Msaidizi wa Kijijini

Safari hii somo letu la afya linahusu mbuzi. Utauliza, mganga wa zahanati ana habari gani na mbuzi? Anazo. Mbuzi ni maziwa ya mtoto. Mbuzi ni mchuzi wa mgonjwa anayepata nafuu. Mbuzi huuzwa ili mama mjamzito apate nauli ya kwenda hospitali ya wilaya. Zizi likiwa tupu, watu huanza kuchelewa kuja kutibiwa, na sisi wa zahanati huliona jambo hilo mapema.

Tena kuna sababu nyingine. Baadhi ya wafugaji hufika kwenye dirisha la dawa wakiomba vidonge vya minyoo vya watoto wa shule, ili wakawape mbuzi. Husema, "Dawa ya dukani imeshindwa." Vidonge hivyo hatuwapi, maana vimehesabiwa kwa ajili ya watoto. Lakini maneno yao tusiyadharau. Mara nyingi wanasema kweli: dawa imeshindwa. Leo tusome kwa nini inashindwa, na mfugaji afanye nini.

MNYOO MNYONYA DAMU

Minyoo ya mbuzi ni ya aina nyingi. Unaoua zaidi katika nchi za joto na mvua ni mmoja, ambao wataalamu huuita Haemonchus. Sisi tuuite mnyoo mnyonya damu. Hukaa katika tumbo la nne la mbuzi na kondoo, na ng'ombe pia huupata. Ukichinja mbuzi aliyekonda, pasua tumbo la nne likiwa bado la moto, utazame ndani kwa makini. Mnyoo huu ni mwembamba kama uzi. Urefu wake ni sentimita 2 hadi 3. Mnyoo jike una rangi mbili zilizosokotana kama kamba, nyekundu na nyeupe. Nyekundu ni damu ya mbuzi iliyomo ndani ya utumbo wake. Nyeupe ni mifuko ya mayai.

Mnyoo mmoja hunyonya damu kidogo sana kwa siku, tone moja tu. Lakini mbuzi mmoja aweza kuwa na minyoo 1,000 au zaidi. Minyoo 1,000 humpotezea mbuzi kama mililita 50 za damu kila siku. Hizo ni sawa na vijiko kumi vya chai. Mbuzi wa kilo 20 ana damu isiyozidi sana lita moja na nusu mwilini mwake. Hebu fikiri, vijiko kumi leo, vijiko kumi kesho, na kesho kutwa tena.

Wafugaji wengi hungoja mbuzi aharishe ndipo waseme ana minyoo. Hapo wanakosea. Iko minyoo mingine inayoharisha, lakini mnyonya damu kwa kawaida haharishi mbuzi. Kinyesi chake huwa punje nzuri tu. Dalili zake ni nyingine. Mbuzi hubaki nyuma wenzake wanapokwenda machungani. Manyoya husimama. Ndani ya kope huwa peupe. Baadaye hutokea uvimbe laini wa maji chini ya taya, kana kwamba ameficha kitu. Mbuzi mwingine hufa ghafla akiwa bado mnene, hasa mvua zikiwa zimekolea. Mtoto mwenye safura huwa hivyo hivyo: mweupe machoni, mchovu, akikimbia kidogo anahema. Minyoo ya safura na huu wa mbuzi si mnyoo mmoja, lakini kazi yao ni moja.

Mnyoo jike hutaga mayai 5,000 hadi 10,000 kwa siku. Mayai hutoka pamoja na kinyesi. Kukiwa na joto na unyevu, huanguliwa, na baada ya wiki moja hivi wana wa mnyoo wako tayari. Hupanda juu ya majani mafupi wakati wa umande. Mbuzi akila majani hayo, huwameza. Baada ya wiki tatu nao wamekua na wanataga. Ndiyo maana mbuzi anayekula majani ya miti na vichaka hupata minyoo michache kuliko mbuzi aliyefungwa kamba siku nzima mahali pamoja penye nyasi fupi. Wengi wa wana wa minyoo hawapandi juu sana. Hukaa chini, karibu na udongo.

DAWA HUCHAGUA MBEGU

Mkulima wa mahindi huchagua mbegu. Magunzi mabovu huyaacha, na mazuri huyatundika juu ya moshi wa jiko. Mwaka ujao shamba lake huzaa mfano wa yale aliyoyachagua. Basi mfugaji naye huchagua mbegu bila kujua, nayo ni mbegu ya minyoo.

Tuseme mbuzi wako ana minyoo 1,000. Unamnywesha dawa. Minyoo 990 inakufa. Mbuzi anapata nafuu, nawe unafurahi. Lakini 10 imebaki. Kwa nini imebaki? Si kwa bahati tu. Huenda maumbile yake ni tofauti kidogo, na dawa haiidhuru. Sasa minyoo hiyo 10 ndiyo inayotaga peke yake. Watoto wao wanarithi maumbile ya wazazi, wanaanguka malishoni, wanaliwa na mbuzi wengine. Baada ya miezi mitatu unanywesha tena dawa ile ile. Safari hii haibaki 10, inabaki 50. Halafu 200. Ikifika siku dawa inaua nusu tu ya minyoo, mfugaji husema ameuziwa maji. Kumbe dawa ni ile ile. Minyoo ndiyo iliyobadilika. Hali hiyo tunaiita usugu, na minyoo hiyo ni minyoo sugu.

Angalia vizuri: mbuzi hajazoea dawa. Watu husema, "Mbuzi wangu wameizoea dawa hii." Sivyo. Usugu uko ndani ya mnyoo. Kwa hiyo ukimnunua mbuzi mwenye minyoo sugu, umeununua na usugu wake. Na kama kijiji kizima hulisha mahali pamoja, minyoo sugu ya zizi moja ni ya mazizi yote.

Wazee wetu wanakumbuka klorokwini. Ilikuwa chungu, tena wengine iliwawasha mwili mzima, lakini iliponya malaria. Kisha vimelea vya malaria vikawa sugu. Tanzania Bara iliiacha klorokwini kuwa dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, ikaweka SP. Haukupita muda mrefu, SP nayo ikashindwa, na mwaka 2006 ikachaguliwa dawa mseto, ambayo ni dawa mbili pamoja. Jirani zetu wa Malawi waliacha klorokwini mwaka 1993, na baada ya miaka zaidi ya kumi ilipopimwa tena ilionekana kuwa inaua vimelea kama zamani. Kwa minyoo ya mbuzi tusitumaini hivyo. Usugu ukishaenea malishoni, kwa kawaida hukaa miaka mingi hata kama dawa imeachwa.

Nasi hatuko peke yetu. Dawa ya kwanza ya kundi la albendazoli ilitoka mwaka 1961. Mwaka 1964 tayari ilitangazwa huko Marekani kuwa minyoo ya kondoo haiisikii. Ivamektini ilianza kuuzwa kwa ajili ya mifugo mwaka 1981. Afrika Kusini iliona minyoo sugu kabla ya miaka kumi kupita. Dawa nyingine mpya kabisa ilitolewa New Zealand mwaka 2009. Kufika mwaka 2013 ilikwisha kutangazwa kuwa imeshindwa katika shamba moja la mbuzi huko huko. Hapa kwetu Tanzania, habari za minyoo ya kondoo isiyokufa kwa dawa za kundi la albendazoli zilichapishwa mwaka 1991. Mwaka 1995 zikachapishwa habari za pwani ya Kenya, ambako minyoo ya mbuzi na kondoo ilikuwa sugu kwa zaidi ya kundi moja la dawa. Basi anayengoja dawa mpya imwokoe atangoja sana.

SOMA MWISHO WA JINA

Hapa ndipo kusoma kunapofaa. Dukani kuna chupa za rangi nyingi. Moja ina picha ya ng'ombe, nyingine picha ya kondoo. Majina makubwa ya mbele yanatofautiana, na wauzaji husema, "Hii ya zamani imechoka, chukua hii mpya." Mfugaji hununua akidhani amebadili dawa. Lakini jina kubwa ni la kiwanda tu. Jina la dawa yenyewe limeandikwa chini yake kwa herufi ndogo. Lisome hilo, hasa mwisho wake.

Likiishia na herufi ENDAZOLE, ni kundi la kwanza. Albendazole, fenbendazole na oxfendazole zote ni ndugu wa tumbo moja. Mnyoo ulio sugu kwa mmoja wao kwa kawaida ni sugu kwa wote.

Likiishia na MISOLE, ni kundi la pili. Humo mna levamisole na tetramisole.

Likiishia na MECTIN, ni kundi la tatu, kama ivermectin.

Chupa nyingine zina majina mawili, maana dawa mbili zimechanganywa. Moja ambayo huonekana sana ni levamisole pamoja na oxyclozanide. Hiyo ya pili ni ya minyoo bapa ya ini, hivyo kwa minyoo myembamba ya tumbo unategemea levamisole tu. Kwa hiyo mtu aliyetumia albendazole mwaka jana, na mwaka huu akanunua fenbendazole, hajabadili kitu. Amebadili chupa na kupoteza fedha.

KIPIMO

Nataka tukae hapa kidogo, maana hapa ndipo usugu wetu mwingi unapotengenezwa. Nimeona dawa ikipimwa kwa kizibo cha soda. Nimeona ikiongezwa maji ili itoshe zizi zima. Nimeona mbuzi 15 wakigawiwa dawa ya mbuzi 8. Dawa pungufu huua minyoo dhaifu na kuiacha ile yenye usugu wa kati, ambayo kipimo kamili kingeiua. Ni kuifundisha minyoo darasa la kwanza ili mwakani iingie la pili.

Kwanza, mpime uzito. Macho hudanganya, na mara nyingi hupunguza: mtu husema kilo 18, mizani inasema 25. Kama kijiji kina mizani ya kuning'inia ya kununulia pamba au korosho, iombeni siku moja. Mizani ya kliniki ya watoto tafadhali iacheni kliniki. Wagawe mbuzi kwa ukubwa wao, wakubwa peke yao na wadogo peke yao. Mpime aliye mzito kuliko wenzake katika kila kundi, na kipimo chake ndicho cha kundi hilo. Walio dhaifu au wenye mimba kubwa wapimwe kila mmoja peke yake.

Pili, soma nguvu ya dawa. Albendazoli huuzwa kwa nguvu mbili. Chupa moja imeandikwa 2.5%, nyingine 10%. Chupa ya 2.5% ina miligramu 25 za dawa katika kila mililita moja. Chupa ya 10% ina miligramu 100. Mbuzi wa kilo 20 akihitaji miligramu 10 kwa kila kilo, jumla ni miligramu 200. Kutoka chupa ya 2.5% hizo ni mililita 8. Kutoka chupa ya 10% ni mililita 2. Sasa tuseme jirani yako ana chupa ya 10% na anakuambia, "Mimi huwapa mililita 2 tu, wanapona." Nawe una chupa ya 2.5%. Ukimwiga, umempa mbuzi wako robo ya dawa. Na akikuiga yeye, atampa mbuzi wake mara nne. Nukta ile ndogo kati ya 2 na 5 ni ya kuitazama vizuri.

Tatu, mbuzi si kondoo. Mwili wa mbuzi huivunja dawa na kuitoa upesi kuliko mwili wa kondoo. Chupa nyingi zimeandikwa kipimo cha ng'ombe na kondoo, na mfugaji huchukua kile cha kondoo akampa mbuzi. Kwa albendazoli wataalamu wengi husema mbuzi apewe mara mbili ya kipimo cha kondoo, na kwa levamisoli mara moja na nusu. Lakini levamisoli isizidi hapo, maana ikizidi humtetemesha mbuzi na kumwua. Albendazoli nayo isipewe mbuzi aliyepandwa karibuni, katika mwezi wa kwanza wa mimba, kwa sababu yaweza kumdhuru mtoto tumboni. Mambo haya mwulize bwana mifugo wa kata kabla ya kunywesha, ukimpelekea chupa yenyewe aisome.

Namna ya kunywesha nayo ina neno. Tumia bomba la sindano lililotolewa sindano. Lipitishe pembeni mwa mdomo, uiweke dawa juu ya ulimi, nyuma kabisa, ili iingie tumbo la kwanza. Ikimwagwa mbele ya mdomo, nyingine hutemwa, nyingine hupita njia ya mkato na kutoka upesi mwilini.

Na kwa kuwa ukurasa huu ni wa afya ya watu: kwenye kibandiko pana idadi ya siku ambazo maziwa yasinywewe na nyama isiliwe baada ya dawa. Dawa nyingine haziruhusiwi kabisa kwa mbuzi anayekamuliwa. Chupa tupu isitiwe mafuta ya kula wala mafuta ya taa. Wala mtu asinywe dawa ya mifugo. Ni kweli ivamektini na albendazoli hutolewa pia kwa watu, katika kampeni za matende na mabusha, na ivamektini kwa usubi. Lakini zile zimepimwa kwa ajili ya watu.

USINYWESHE ZIZI ZIMA

Hapa mwenye kusoma atashangaa. Miaka mingi tuliambiwa tunyweshe mbuzi wote kwa siku moja, kila miezi mitatu. Siku hizi wataalamu wamegeuza. Sababu yao ni hii.

Ukinywesha wote, minyoo itakayotaga ni ile sugu peke yake. Ukiwaacha mbuzi wenye afya bila dawa, ndani yao mna minyoo ambayo dawa haijaigusa. Hiyo nayo hutaga. Watoto wake hukutana na watoto wa ile sugu, huzaana, na usugu huzimuliwa kama chumvi iliyozidi inavyozimuliwa kwa maji. Minyoo ile isiyoguswa ina faida kwetu. Najua neno hili ni gumu kumeza; mtu amezoea kudhani mnyoo mzuri ni ule uliokufa. Lakini ni minyoo hiyo inayoifanya dawa iendelee kufanya kazi.

Ubaya wa kunywesha wote huzidi wakati wa kiangazi kikali. Wakati huo malisho yamekauka, wana wa minyoo wa nje wamekufa kwa jua. Minyoo karibu yote iliyobaki imo ndani ya mbuzi. Ukinywesha zizi zima, utakayoiacha hai ni ile sugu tu. Mvua zikianza, hiyo ndiyo itakayojaza malisho yote. Vivyo hivyo kunywesha wote na kuwahamishia siku hiyo hiyo malisho mapya, jambo ambalo zamani lilihimizwa.

Basi utamjuaje wa kunyweshwa? Mfunue jicho. Sisi zahanati humfunua mama mjamzito kope ili tuone kama ana damu ya kutosha. Kwa mbuzi na kondoo, njia hii ilitengenezwa Afrika Kusini katika miaka ya 1990, na huitwa FAMACHA, kwa kufuata jina la Faffa Malan, mmoja wa madaktari wa mifugo walioianzisha. Wana kadi yenye rangi tano. Namba 1 ni nyekundu iliyoiva. Namba 2 nyekundu iliyopungua. Namba 3 ya waridi. Namba 4 imepauka. Namba 5 ni nyeupe kama karatasi. Wa 1 na 2 huachwa. Wa 4 na 5 hunyweshwa siku hiyo hiyo. Wa 3 huangaliwa: akiwa mtoto, mwenye mimba, anayenyonyesha au aliyekonda, hunyweshwa.

Fanya kazi hii nje, kwenye mwanga wa jua, si ndani ya banda. Telemsha kope la juu kwa kidole gumba lifunike jicho, ulibonyeze taratibu. Kwa gumba la pili vuta kope la chini. Ngozi laini ya ndani itajitokeza. Itazame upesi, kwa sekunde chache, maana ukichelewa rangi hubadilika. Tazama macho yote mawili. Wakati wa mvua rudia kila baada ya wiki mbili. Kiangazi mara moja kwa mwezi yatosha. Mwombe bwana mifugo awafundishe kwa kadi yenyewe, ili macho yenu yaizoee rangi. Mbuzi 20 ni kazi ya nusu saa, na watoto hupenda kusaidia.

Utaona jambo moja. Katika zizi, mbuzi wachache ndio hubeba minyoo mingi, na wengi hubeba michache. Kwa hiyo huenda ukanywesha 4 au 5 tu kati ya 20, na fedha iliyobaki ikabaki mfukoni. Andika katika daftari nani amenyweshwa. Mbuzi ambaye jina lake linaonekana kila mara, usimweke kuwa mbegu. Muuze au mchinje siku zake za dawa zikiisha. Yule asiyeandikwa kamwe, beberu au jike, zaa naye. Nguvu hii hurithiwa. Kondoo wekundu wa Kimasai walipolinganishwa na Dorper pwani ya Kenya, wale wa Kimasai waliistahimili minyoo vizuri zaidi. Mbuzi wetu wadogo wa kienyeji nao waliwashinda mbuzi wa Galla kwa jambo hilo. Tunapokimbilia beberu mkubwa kutoka mbali, tukumbuke hilo.

Ila jicho jeupe si mnyoo tu. Magonjwa ya kupe, ndorobo, na minyoo bapa ya ini pia hupunguza damu. Mbuzi akiwa na homa, au asipopata nafuu, aitwe bwana mifugo. Na jicho jekundu haliondoi minyoo inayoharisha.

NI USUGU AU NI DAWA MBOVU?

Dawa bandia zipo, na dawa zilizokwisha muda zipo. Nyingine huharibika kwa kuanikwa juani dukani. Basi kabla ya kumlaumu muuzaji au mnyoo, ulizeni kinyesi. Chukueni kinyesi kibichi cha mbuzi 10, kila mmoja katika mfuko wake wenye namba. Kipelekwe siku hiyo hiyo kwa bwana mifugo, kikiwa kimewekwa mahali pa baridi, ili mayai ya minyoo yahesabiwe kwa darubini. Vituo vya Wakala wa Maabara ya Veterinari (TVLA) viko katika kanda. Kisha wanywesheni mbuzi hao 10 kwa kipimo kamili, dawa kutoka chupa nzima ambayo muda wake haujapita. Siku ya 14 chukueni tena kinyesi cha mbuzi wale wale. Kama mwanzoni yalikuwa mayai 100, sasa yasizidi 5. Yakibaki 30 au 40, na dawa ilikuwa nzuri na kipimo sawa, minyoo yenu ni sugu kwa kundi hilo zima, na kununua ndugu yake mwenye jina jingine hakutasaidia.

Gharama ya kipimo hiki ni kubwa kwa mtu mmoja. Kwa wafugaji 20 wanaolisha pamoja ni ndogo.

Mbuzi wa mnadani naye asichanganywe siku anayofika. Mfungie peke yake, umkatie majani, na umnyweshe dawa za makundi mawili tofauti kama bwana mifugo atakavyoelekeza. Kinyesi chake kipimwe siku ya 14. Kikiwa safi, mwache aende na wenzake kwenye malisho yenu ya kawaida. Wafugaji wengi hufanya hivi kwa kuogopa mapafu na sotoka. Minyoo nayo iongezwe katika hesabu hiyo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Mbuzi ana kilo 30. Anahitaji miligramu 10 za albendazoli kwa kila kilo. Atanyweshwa mililita ngapi kutoka chupa ya 10%? Na kutoka chupa ya 2.5%?

2. Mfugaji ana mbuzi 12. Macho ya 9 ni mekundu, ya 2 yamepauka, na mmoja anayenyonyesha ana macho ya waridi. Anyweshe wangapi? Wale wengine anawaacha kwa sababu gani?

3. Leteni darasani chupa tupu zote za dawa ya minyoo zilizotumika kijijini mwaka huu. Zipangeni kwa kufuata mwisho wa jina. Je, mmetumia makundi mangapi ya dawa?